Kuruka Kabla ya Pasi

Kapinga,

Asubuhi nilikusalimia na haukujibu. Basi mi pia sianzi na salamu. Yako iko kinywani mwangu, nimeifunga. Siku utaitaka, utaikuta.

Weye na Kaku muko kule stesheni tangu asubuhi, mumekaa juu ya mizigo kulinda nafasi yenu mbele ya zile wagoni za madini. Mi niko hapa Kasulo, nyumbani kwa mujomba wako Ngoy. Mdogo wako amelala juu ya mapaja yangu, na karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha sufuria. Akijigeuza, herufi zitapinda. Unajua mi na kalamu hatukukaa pamoja sana. Masista walinifundisha kusoma, kuandika na kushona, halafu papa yako akapita na baiskeli yake, nawe ukafuata mbio kama mtu aliyechelewa. Weye wa leo na mi wa siku zile, umri haukupishana sana. Ngoy njo atakuletea barua hii jioni pamoja na bukari na mboga yake, mule. Najua hautaki kumuona. Pokea bukari, pokea barua, uso unaweza kuugeuza.

Habari za maji ya kunywa, za kujifunika, za kutolala mbali naye, Kaku atakuambia. Yeye njo alimzaa papa yako na kumlea, hahitaji kinywa changu. Mi nitakuambia habari za kuruka. Cheka kama unataka. Wamama wengine leo wanawaandikia watoto wao habari za Mungu, na wako anakuandikia habari za mpira wa wavu. Kila mtu hutoa kile alicho nacho.

Kwanza nirudie neno lako la asubuhi, maana limenikwama kama mwiba wa samaki. Ulisimama pale mlangoni, mfuko mgongoni, Kaku anakuvuta mkono, ukasema:

"Weye habakufukuze. Weye ni wa hapa. Unabaki juu unapenda kubaki."

Nilitaka kujibu, mdogo wako akalia, nawe ukaenda. Jibu langu njo hili.

Ni kweli, mi hawanifukuzi. Wazee wangu walitoka kaskazini ya Katanga, na jina langu likitajwa sokoni hakuna anayegeuza kichwa. Papa yako alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa na kampuni kutoka Kasai kuchimba shaba, akazeeka ndani ya shimo lao. Lakini leo watu wa Kasai wanaambiwa warudi kwao, na jina lao ni kama kidonda usoni, kila mtu anakiona kabla ya kukuona weye. Papa yako amekwisha kutangulia, na tuliambiwa na watu wa reli kwamba alifika Mwene-Ditu mzima. Weye una jina la kwao, na urefu wake, na ile pua. Hayo yote nilikuwa ninayapenda mbele ya watu. Sasa wanataka niyapende kwa kujificha, na mi sijui kupenda kwa kujificha.

Lakini si juu ya jina langu ninabaki. Kitovu cha mdogo wako hakijaanguka. Kaku mwenyewe njo alisema, tena weye uko pale: mtoto ambaye kitovu chake hakijaanguka havushwi mto. Na treni ya kwenda kwenu inavuka Lualaba. Tazama, hata mi nimeandika "kwenu". Neno hilo limetuingia wote kama moshi ndani ya nguo. Haya, weka mto kando. Zile wagoni hazina paa, na hii ni miezi ya mvua. Umesikia wamama waliotangulia walichoteremsha njiani, kimefungwa ndani ya shuka. Basi usiniambie kwamba ninabaki kwa kupenda.

Kitovu kikianguka, nitakizika nyuma ya ile nyumba ya kampuni tuliyokaa zamani, chini ya mpapai, pale nilipozika chako. Yule anayekaa mle sasa akinikataza, nitaingia akienda kusali. Watakapokuambia urudi kwenu, Kapinga, ujue kwamba wamesimama juu ya kwenu wakati wanakuambia.

Sasa mpira.

Tereni yangu ya kwanza, kiwanja cha kuchezea, ilikuwa ya sima, yaani saruji, pale kwenye klabu ya kampuni, imenyooka kama meza, mistari myeupe inapakwa rangi kila mara. Nilikuwa mpiga smashi upande wa kushoto. Hatua ya kwanza fupi, ya pili ndefu, ya tatu inafunga, mikono inatoka nyuma na kupanda, na sima inakurudishia nguvu yote uliyoipa. Nilidhani huko njo kujua kuruka. Watu wa Kolwezi tulikuwa hivyo wakati ule. Kampuni ilitupa sima, tukadhani tuna miguu.

Siku moja tukapanda lori kwenda Fungurume kucheza na wamama wa soko. Tereni yao ilikuwa udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imepiga. Tulicheka tangu juu ya lori. Wamama wenyewe walifunga vitenge juu ya kaptula, na mmoja alikuwa mkubwa kama pipa la mafuta. Mpira wa kwanza uliinuliwa kwangu vizuri kabisa. Nikakimbia hatua zangu za sima. Kisigino kikateleza, mwili ukaenda mbele, mkono ukabaki nyuma, nikaingia ndani ya wavu uso mzima.

"Tumepata samaki ya Kolwezi!" mmoja akapiga kelele. "Muleteko chumvi!"

Watu walilala chini kwa kicheko. Mara ya pili, hivyo hivyo. Halafu nikakasirika, nikaongeza mbio, kifundo cha mguu kikageuka. Yule mama pipa njo alikuja kunishika chini ya kwapa na kuniinua.

"Mama," akaniambia, "hii tereni haikujue. Haijue hata jina yako. Juu ya nini unaikimbilia sawa na bwana yako?"

"Sasa nifanye nini?"

"Uiulize kwanza. Kanyaga mguu yote, kisigino na bidole pamoja. Hatua ya mwisho ukate. Na mikono isingoje miguu."

Hilo la mikono sikulielewa. Akanionyesha pale pale, mpira hakuna, kitenge kimemkaza. Magoti yake yalikuwa bado yanashuka, mikono ikawa imekwisha kuanza kupanda, na ule mwili mzima ukaifuata, ukaelea. Nilikaa chini na kifundo kimevimba, ninaangalia pipa linaruka. Tulirudi Kolwezi tumeshindwa, hakuna aliyeimba ndani ya lori.

Mchanga nilijifunza baadaye, kule Mutoshi, kwenye ule wa kijivu unaobaki madini yakishasafishwa. Mchanga unakula kifundo. Mguu unasukuma, mchanga unakwenda, weye unabaki. Pale kazi yote inaangukia magoti na nyonga. Unachuchumaa zaidi, unaanzisha mikono mapema zaidi, na bado haufiki pale ulipofika juu ya sima. Wengi wanakosea hapo. Wanataka kuupiga mpira kule juu walikozoea kuukuta, kumbe mwili haukufika, wanapiga hewa. Acha mpira ushuke. Uungoje. Umwambie mtoa pasi wako ainue kidogo, si sana. Kaku anasema Kasai ni mchanga mpaka kizingiti cha mlango. Basi wiki za kwanza utaruka chini, na watoto wa kule watasema, hee, njo huyu bingwa wa Kolwezi? Waache waseme. Hawajui unatoka tereni gani.

Haya yote niliyajua, na bado weye nilikufundisha vibaya. Ulikuwa mdogo, tulikaa ile nyumba ya kampuni, na kiwanja cha nyuma kilikuwa sima. Nikachukua makaa, nikachora miguu: kushoto, kulia, kushoto. "Kanyaga humu." Ikifutika, nachora tena. Ukakanyaga humo mpaka majirani wakawa wanakuja na viti vyao kukuangalia. Papa yako akirudi kazini alikuwa anaivuka ile michoro kwa kuiruka, na sanduku lake la chakula mkononi, anaogopa kuichafua.

Halafu mgodi ukaporomoka, kampuni ikaanza kukauka, na watu wakaanza kuulizana nani anakula mkate wa nani. Papa yako akaondolewa kazini juu ya jina lake. Nyumba ikachukuliwa. Tukaja hapa kwa mujomba, lupango lake, ua wa udongo mtupu. Siku ya kwanza ulisimama pale katikati na mpira mkononi, hauruki.

"Ruka basi!" nikakupigia kelele. "Unaangalia nini chini?"

"Naangalia miguu," ukasema.

Ulikuwa unatafuta miguu ya makaa. Nilicheka. Uliona nimecheka, ukaweka mpira chini, ukaingia ndani. Nilikuwa nimekufundisha kiwanja kimoja na kukuambia kwamba huko njo kuruka, kosa lile lile lililonitupa ndani ya wavu kule Fungurume. Kesho yake nikachora kwa kijiti juu ya udongo, mvua ikafuta. Nikachora tena, kuku wetu wakafuta. Nikachoka, nawe ukaanza kukanyaga popote kuku walipokuachia nafasi. Ukatoka na mruko wako mwenyewe, mfupi, wa ghafla, ambao mi sikuuchora. Basi waliokufundisha ni kuku. Wakati Mama Kabwe wa jirani atakuja kuwanunua, nitamwambia anawala walimu.

Na atakuja. Jana, weye uko nje, alikuja mpaka jikoni, maharagwe yako motoni, akainua kifuniko hiki hiki ninachoandikia, akainama kuangalia kama sufuria haijatoboka.

"Hii mutaniachia?"

"Iko na maharagwe ndani, mama."

"Nitangoja," akasema. Akavuta kiti, akakaa! Mwanamke niliyemshikia miguu akizaa. Nikapakua maharagwe polepole sana, moja moja, mpaka akachoka, akaenda. Sufuria hiyo nitaivunja kwa jiwe kabla sijaondoka. Mungu anisamehe au asinisamehe, nitaivunja.

Tuje kwa mechi ile yenu ya mwisho, kabla mdogo wako hajazaliwa. Toka siku ile hatujasemezana juu yake.

Mi nilikuwa na tumbo kubwa, nimesimama karibu na mstari. Mado, rafiki yako tangu darasa la kwanza, mtoa pasi wenu, alikuwa anapeleka mpira wote upande mwingine. Mpira unamfikia, anaangalia vijana nyuma ya mstari, anageuka, anampa mwingine. Na wale vijana walikuwa wanaimba neno lao lile, "Bilulu! Bilulu!", wadudu, njo wanavyowaita watu wa Kasai, hata kwa mtoto, hata kanisani nje ya mlango.

"Kilulu inarukaka tu ku moto!" mmoja akapayuka. "Tumuwashieko!"

Ukasimama kwenye wavu, mikono imeshuka. Mi njo nikapiga kelele:

"Ruka! Hata hakupe, ruka!"

Nilikufundisha hivyo zamani. Mpigaji akiruka bila mpira, wazuiaji wanaruka naye, na mwenzake anapata njia. Ni kazi ya kweli, ingawa hakuna anayeipigia makofi. Ukanitazama kama unataka kunitemea. Halafu ukaruka. Mpira ukaenda kwingine. Ukaruka tena.

"Mumuone, anaanika nguo!"

"Mama, umupe kamba!"

Na kila mara ulipotua, uwanja mzima ulicheka, nami kila mara nikasema, ruka. Niliona shingo yako imekaza. Nilijua unanichukia pale pale, na sikunyamaza. Nilifikiri kama ukiacha kuruka mbele ya watu wale, hautaruka tena popote.

Halafu mpira ukamfikia Mado mikononi, na weye ulikuwa umekwisha kuwa juu, kwa mazoea tu, bila kutumaini kitu. Akauweka pale pale mbele ya kiganja chako. Mpira mfupi, wa haraka. Haukupata hata muda wa kushangaa. Ule mlio wake juu ya sima ninausikia hata sasa. Kaka yake Mado akavuka mstari, akampiga kofi la shavu, akamvuta kwa nywele. Halafu mawe yakaanza, nawe ukanifunika tumbo kwa mwili wako mpaka barabarani.

Toka siku ile ninajiuliza. Kama ningefunga kinywa, ungechoka, mpira ungepita, na wasingekukumbuka. Juu ya smashi ile moja njo walianza kuuliza yule murefu anakaa wapi. Ninaigeuza hivi, ninaigeuza vile.

Ngoy alikuja kuniambia akitoka misa. Hakukaa.

"Dada, weye unabaki. Bebe pia abaki, haina hata kinywa ya kusema jina yake bado. Lakini huyu murefu aende na treni ya kwanza. Batoto ba barabara banamutaja."

"Huyu murefu ana jina, Ngoy."

"Njo jina yenyewe inaleta mambo."

"Ulimubeba mugongoni."

"Nilimubeba," akasema. Alikuwa anaangalia ukuta. "Sasa siwezi tena. Unataka baichome nyumba na bebe ndani?"

Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake. Sijayarudisha. Lakini nikuambie kitu ambacho hakuambii yeye: nafasi ile muliyokalia weye na Kaku, ni yeye aliyekwenda kuilinda, akalala pale juu ya mawe kati ya watu wa Kasai, na kofia imeshushwa mpaka machoni ili rafiki zake wasimtambue. Aliona haya mbele yao na mbele yetu pia. Sijui mtu wa namna hiyo unamwita nani. Bado sijamsamehe. Weye fanya unavyotaka.

Kumbe si hayo njo yaliyonifanya nishike kalamu. Ni Mado. Alikuja leo, mumekwisha kwenda. Hakuingia, alisimama nyuma ya uzio wa lupango, shavu lake bado limevimba. Akapitisha mkono kati ya matete, ameshika kinga yako ya goti, ile uliyoipoteza uwanjani wakati wa mawe. Ameifua. Ameishona hata pale ilipopasuka.

"Mama, mumuambieko," akasema, "ile pasi haikunitoroka. Nilitoa kwa kupenda."

Nilikuwa na uchungu, sikumhurumia. "Juu ya nini zingine haukumupa?"

"Niliogopa. Halafu nilimuona yuko juu tayari. Ningefanya nini?"

Akakimbia, hata sikumwambia asante.

Nimekaa na neno lake mchana wote. Mpira wa haraka ni hivyo, Kapinga, na mi nimeupiga miaka yote bila kuuelewa. Mpigaji hangoji kuuona mpira. Akingoja, amechelewa. Anaruka na mikono mitupu, hana kitu hewani cha kushika. Na mtoa pasi, hata kama ni mwoga, hata kama uwanja mzima unamuangalia, akishamuona mwenzake yuko juu hana tena namna ya kumuacha pale.

Basi sikia habari za kesho, mukipanda treni.

Wagoni ziko juu, ngazi hakuna, na chini yake ni mawe ya reli. Hiyo njo tereni mbaya kuliko zote, maana inatembea chini ya mguu na watu wanakusukuma. Vijana wale watakuwa pale na nyimbo zao. Kaku atainuliwa na wanaume. Weye wataona urefu wako, watasema huyu ana nguvu, ajipandishe. Usikimbie hata hatua moja. Simama karibu na chuma, miguu miwili, kanyaga mguu mzima, uyaulize mawe kama yatakushika. Shuka kwa magoti zaidi ya unavyotaka. Mikono itangulie. Ukingo wa wagoni uko pale ambapo wavu ungekuwa. Ushike, kiuno kitafuata.

Na mfuko usipande nao, utakuvuta nyuma. Niachie. Mi nitakuwa pale na mdogo wako mgongoni, Kaku amenipa ruhusa mpaka kwenye reli. Ukishakuwa juu, geuka, nami nitakurushia mfuko, vidole vyote wazi, juu ya kipaji cha uso, vile Mado anavyotoa. Maisha yangu yote nilikuwa mpiga smashi, nilikuwa ninapewa. Kutoa pasi sijajaribu. Kesho nitajaribu.

Lakini sitaurusha kama hauko juu.

Asubuhi ulimwambia Kaku kwamba treni ikija hautapanda bila mi. Nilisikia, ukuta huu ni mwembamba. Hapo njo kungoja kuuona mpira kwanza, na mpira hautakuja. Watakukuta umesimama chini, mikono imeshuka. Ningeweza kukuahidi siku ya kufika. Sina siku. Treni ya baada ya yenu haina siku, kitovu hakina siku. Ninachojua ni kwamba kitaanguka, vitovu vyote vinaanguka, na kikishaanguka nitapanda wagoni, na wagoni ikikosekana nitapanda lori mpaka Kamina, na Ngoy akinifungia mlango nitapitia dirishani, mwili huu umekwisha kuingia ndani ya wavu wa Fungurume na kutoka. Papa yako yuko kule mbele. Mi na mdogo wako tuko nyuma. Katikati ni weye, hewani, na watakaosimama chini watacheka kwamba unaanika nguo.

Kinga ya goti ninaifunga pamoja na barua hii. Sitaki unijibu kwa Ngoy, atapotosha. Kama umenielewa, ivae kesho. Katika umati ule nitatafuta magoti kwanza, uso baadaye. Na kama hautaivaa, nitakuja tu na kusimama pale pale, ila mfuko utakuwa mzito zaidi kuurusha.

Mdogo wako ameamka. Ananyonya huku anapiga mikono, mikono kwanza, miguu bado haijui kitu. Hakuna aliyemfundisha.

Ruka, Kapinga. Kaa hewani kidogo. Ninakuja.

Ni mi, mama yako, bado chini, mikono juu.